Mimea midogo ya nyikani ioteshwe, isichimbwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nimesoma humo malalamiko mengi kuhusu misitu inayokatwa mlimani na mito inayokauka, na yote ni ya haki, ila sijaona mtu akiitetea mimea midogo ya nyikani, ile isiyofika hata kwenye kifundo cha mguu, ambayo sasa inang'olewa na kuuzwa mjini kama mapambo. Mimi ni mama mwenye kitalu cha miche kando ya barabara hapa Sakina. Nilisomea kilimo cha bustani Tengeru, na tangu hapo riziki yangu imetoka kwenye viriba, samadi na keni ya kumwagilia. Jambo hili linanihusu kikazi, na linaniuma moyoni.

Wateja wanaiita sakulenti. Ni mimea yenye majani au mashina manene yaliyojaa maji, na asili yake ni nchi kavu. Biashara yake imechangamka. Kwenye sendofu na harusi wageni wanaondoka na kikombe kimoja kimoja chenye mmea, maofisini imepangwa madirishani, na vijana wa vyumba vya kupanga, wasio na hata hatua moja ya ardhi, wanafurahia bustani juu ya meza. Hilo nalipenda kabisa. Ninachokipinga ni namna sehemu ya mimea hiyo inavyopatikana. Kila baada ya muda anasimama mtu mbele ya kitalu na bodaboda, nyuma amefunga kiroba. Akikifungua ni waridi la jangwani, shubiri za porini na vijimmea vya pembenne visivyo na majani, vyote vimeng'olewa Longido au upande wa Same, mizizi imekatwa kwa panga. Bei yake ni ndogo kuliko ya mche niliouotesha mwenyewe, maana yeye hakungoja chochote. Simnunulii, lakini wapo wanaomnunulia, ndiyo maana anarudi.

Anayenunua mmea wa kwenye kiroba kile hajui amenunua nini. Naomba nieleze.

Mmea wowote, ili utengeneze chakula, ni lazima ufungue stomata, vile vitundu vidogo vya jani, uvute hewa ya ukaa. Vikifunguka mchana wa jua kali, maji yanatoka kwa njia hiyo hiyo. Maharage hayana ujanja mwingine, na mvua ikikatika mapema yananyauka shambani mbele ya macho ya mwenye nayo. Sakulenti nyingi zimegeuza ratiba. Zinafungua stomata usiku, wakati kuna ubaridi, zinavuta hewa ya ukaa na kuiweka akiba ndani ya seli ikiwa katika hali ya asidi. Kukipambazuka zinafunga. Kutwa nzima zinatumia akiba hiyo na mwanga wa jua kutengeneza sukari, bila kupoteza maji kwa hewa ya nje. Mtaalamu wa mimea Benjamin Heyne, aliyekuwa akifanya kazi India, aliliona jambo hili kwa ulimi wake. Mwaka 1815 ilichapishwa barua yake akieleza kwamba jani la mmea fulani asubuhi lina uchachu, adhuhuri halina ladha, na jioni lina uchungu kidogo. Asidi ya usiku ilikuwa inatumika kadiri jua linavyopanda. Mmea wenyewe asili yake ni Madagaska na umejaa kwenye nyua zetu: ni ule ambao jani likianguka chini linachipusha watoto pembezoni. (Mtu asijaribu kutafuna. Jamaa hiyo ya mimea ina sumu inayogusa moyo, na ng'ombe hufa kwa kuila.) Mnanasi na mkonge nao wanaishi kwa utaratibu huo huo.

Lakini akiba ya usiku mmoja ni ndogo, kwa hiyo mmea wa namna hii, ukiwa porini ambako mvua haina ahadi, hukua taratibu mno. Ule wa saizi ya ngumi uliomo kwenye kiroba cha bodaboda unaweza kuwa na umri mkubwa kuliko mtoto wa shule ya msingi atakayeuona mezani kwao.

Katika jamaa yote hii, ninaoupenda kuliko mwingine ni Lithops. Mwaka 1811 msafiri Mwingereza William Burchell alikuwa karibu na Prieska, Afrika Kusini, kwenye ardhi ya mawe. Aliinama kuokota kilichoonekana kama kokoto ya ajabu, akakuta ni mmea. Jina la jenasi lilitolewa baadaye sana, mwaka 1922, na N. E. Brown wa bustani za Kew, Uingereza. Lithops ni majani mawili tu, manene, yaliyoungana karibu mwili mzima yakaacha mpasuko mwembamba juu katikati. Sehemu kubwa imezama ardhini. Kinachobaki nje ni uso bapa wenye rangi na madoa ya mawe yaliyouzunguka, kijivu, kahawia au wekundu wa kutu, na mnyama mwenye kiu anaweza kupita juu yake asiuone.

Mmoja wa kwangu uliposhikwa na uozo upande mmoja, niliukata kwa wembe kutoka juu hadi chini, nikawaita wasichana wanaonisaidia waje watazame. Ndani hakukuwa na kijani kama walivyotegemea. Katikati palikuwa na nyama angavu kama ute wa shubiri, unaona mwanga ng'ambo ya pili. Kijani kilikuwa utando mwembamba tu uliotandazwa kwenye kuta za ndani, na sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa udongo. Yale maeneo meusi-meusi ya juu, ambayo mtu anayadhani ni urembo, ni madirisha. Mwanga unaingia kwa hapo, unashuka katikati ya nyama ile ya maji, na unapoufikia umbijani, yaani kile kijani kinachotengeneza chakula, makali yamepungua. Huu ni mmea unaopikia chakula chake chini ya ardhi! Namibia kuna jamaa yake, Fenestraria, ambao nao unaacha ncha za majani tu juu ya mchanga na kupitisha mwanga kwa madirisha hayo.

Kila mwaka jozi mpya ya majani inakua ndani ya jozi ya zamani na kunyonya maji yake, mpaka yale ya zamani yanabaki gamba jembamba lililokauka. Wakati huo mmea hauhitaji tone. Ukimwagiliwa, majani ya zamani yanagoma kunyauka, mapya yanabanwa, na mwisho wake ni kuoza. Vikombe vingi ninavyoletewa vikiwa na mgonjwa vimemwagiliwa kila asubuhi pamoja na maua ya kawaida. Hali ya hewa yetu nayo haisaidii: masika ya Arusha na ule ukungu wa Juni na Julai unaoshuka kutoka Meru unaikalia mimea hii vibaya. Ya kwangu iko chini ya nailoni, kwenye changarawe nyekundu ya volkano iliyochekechwa, hiyo hiyo inayomwagwa barabarani, na udongo kidogo sana.

Kuna jambo lingine ambalo ningetamani kila mwalimu wa biolojia alionyeshe darasani. Tunda la Lithops likikomaa linakuwa kidonge kigumu cha rangi ya udongo, kidogo kuliko ukucha. Lidondoshee tone la maji ukae utazame. Baada ya dakika chache vifuniko vyake vinaanza kujikunjua polepole kuelekea nje mpaka vinalala bapa, na mbegu, ndogo kama vumbi, zinaonekana zimekaa kwenye vyumba vyake. Tone jingine likigonga hapo, baadhi zinaruka. Likikauka linajifunga tena, kila kifuniko mahali pake. Yaani mbegu haitoki mpaka mvua iwe imenyesha kweli, na hata hapo hazitoki zote. Nyingine zinangojea mvua ya siku nyingine, pengine ya mwaka mwingine. Anayeng'oa mmea pamoja na matunda yake makavu amebeba na watoto waliokuwa hawajazaliwa.

Sasa turudi kwetu, maana na sisi tumejaliwa. Tokeni Arusha kwa barabara ya Namanga mpaka mpite Oldonyo Sambu, au tokeni Moshi kwenda Same mkiacha milima ya Pare kushoto. Nyika ile iko upande usiopata mvua: pepo za kutoka baharini zinamwaga maji yao mashariki mwa milima, na huku zinafika zimeishiwa. Simameni, mwiname chini ya kichaka cha miiba. Mkiwa na subira mtaona mashina mafupi ya kijani kilichochanganyika na kahawia, yenye pembe na meno kando, hayana jani hata moja. Ni Caralluma, ni Huernia, na mahali pengine ni Edithcolea grandis. Wamekaa chini ya kichaka kwa sababu kichaka ndicho mlezi wao. Kinawapa kivuli, kinawapa mboji kidogo ya majani yaliyooza, na kinawakinga na kwato za mbuzi. Mchoma mkaa anapokifyeka hajaugusa ule mmea mdogo, lakini jua la siku chache zinazofuata litaumaliza.

Ua la Edithcolea linaweza kuvuka sentimita 10 kwa upana, kwenye shina lisilozidi unene wa kidole. Ni la manjano iliyofifia, limejaa madoa ya kahawia iliyoiva kuelekea rangi ya damu, na linanuka mzoga. Wateja wakisikia hivyo wanakunja uso. Mimi naona ni kazi ya akili. Harufu inawaita nzi. Nzi anatambaa juu ya ua akitafuta nyama, mguu au mdomo wake unanasa kwenye ufa mwembamba katikati, na akijivuta ili ajinasue anaondoka na vifurushi viwili vya chavua vilivyoshikanishwa kwa kibanio kidogo mno. Akitua kwenye ua la pili, huenda akakiacha kimoja mahali panapotakiwa, na uchavushaji umekamilika. Baadaye zinachomoza pembe mbili nyembamba, zinapasuka, na mbegu zenye manyoya ya hariri zinachukuliwa na upepo. Aliyeiandika spishi hii kitaalamu, mwaka 1895, ni N. E. Brown yule yule wa Lithops, akaipa jina kwa heshima ya Edith Cole aliyeikusanya Somalia. Inaota Ethiopia, Kenya na hapa Tanzania, na kuvuka bahari hadi Yemen. Hazina ya namna hiyo iko umbali wa nauli ya basi dogo kutoka stendi ya Arusha, na wengi tunaipita tukiangalia twiga.

Nawajua Wamaasai wanaoitumia osuguroi, shubiri ya pori, ambayo mizizi yake hutiwa kwenye pombe ya asali ya sherehe. Hao siwalaumu hata kidogo. Mzee anayechimba mizizi kwa ajili ya sherehe ya ukoo na mtu anayejaza kiroba kila wiki kwa ajili ya soko hawafanyi kitu kimoja.

Tukitaka kujua tunakoelekea, tuangalie kusini. Eneo la Karoo ya sakulenti, lililogawanyika kati ya Afrika Kusini na Namibia, hupata mvua kidogo wakati wa baridi, na bado lina spishi za mimea zaidi ya 6,000. Karibu asilimia 40 ya hizo hazipatikani pengine popote duniani. Sehemu yake moja, Richtersveld, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2007. Huko ndiko kwa Conophytum, ndugu wa Lithops, ambao baadhi yao ni wadogo kama punje ya njegere. Tangu mwaka 2019 wizi wao umepamba moto. Watu wasio na kazi vijijini wanalipwa kidogo na mawakala, mimea inang'olewa, inafungwa kwenye karatasi na kutumwa ng'ambo kwa watu wanaoikusanya majumbani. Iliyokamatwa tu na vyombo vya dola imevuka milioni moja. Na ikikamatwa, kuirudisha porini ni shida kubwa, kwa sababu hakuna ajuaye kila mmoja ulitoka kilima kipi, na zipo spishi zinazoishi kwenye kilima kimoja tu. Kwa hiyo inabaki kwenye mabanda ya serikali na bustani za mimea, nyika yake ikiwa tupu.

Najua nitaulizwa: bila kuchimba, tutauza nini? Jibu langu ni mkonge. Mkonge nao ni sakulenti, asili yake Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, na vilivyofika nchini mwetu vikiwa hai vilikuwa 62. Kutokana na hivyo 62 yalianza mashamba ambayo kila msomaji wa Tanga, Morogoro na Kilimanjaro anayafahamu. Hakuna aliyerudi Meksiko kila mwaka na kiroba. Mkonge unazaa wenyewe, kwenye mizizi na kwenye mlingoti wa maua, na kazi ya mwanadamu ilikuwa kupanda na kungoja.

Hata hizi za kwenye vikombe zinafanya hivyo. Echeveria, ambayo nayo inatoka Meksiko na ndiyo imejaa kwenye harusi zetu, inapatikana kwa jani moja. Libandue zima mpaka kwenye kitako chake, lisikatike. Liache kivulini siku kadhaa kidonda kikauke, kisha lilaze juu ya mchanga, usilifukie. Litatoa mizizi ya rangi ya waridi iliyopauka, halafu kijimche kisichozidi punje ya mchele, na jani mama litakauka likikilisha. Huernia inashika kwa kipande cha shina. Waridi la jangwani linaota vizuri kwa mbegu, kila mbegu ikiwa na manyoya ncha zote mbili, na lililooteshwa hivyo lina tako zuri na mizizi mizima. La kuchimbwa limekatwa mizizi, na mara nyingi linaoza mikononi mwa mnunuzi kabla hajaliona ua. Lithops ndiyo ya kusubiri kweli, inachukua miaka kadhaa kutoka mbegu hadi ua la kwanza, na kwa sababu hiyo siiuzi kwa bei ya kikombe cha harusi.

Upande wa sheria nitasema kwa kifupi. Tanzania ni mwanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini walio hatarini, na shubiri zote duniani, isipokuwa ile ya aloe vera iliyozoeleka, zimo katika orodha zake. Ndivyo zilivyo pia mnyaa na wenzake wenye mashina manene, na karibu dungusi zote. Biashara ya kuvusha mimea hiyo Namanga au Holili inahitaji kibali, na mimea yoyote inayoingia nchini inahitaji kukaguliwa afya yake. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iko hapa hapa Ngaramtoni, ambako pia kuna hifadhi ya taifa ya vielelezo vya mimea. Elimu haijapungua. Wataalamu walimaliza mwaka 2012 kazi iliyoanza 1952 ya kuandika mimea yote ya porini ya Afrika Mashariki, wakafikia spishi 12,104. Kilichopungua ni mtu wa kusimama kitaluni na kuuliza.

Kwa hiyo naomba wakaguzi wanaopita kwetu wasiishie kuangalia leseni ukutani. Wauangalie na mmea. Wa kuchimbwa unajulikana: shina lina makovu ya jua upande mmoja, mizizi imekatwa butu, na udongo ulioshikilia si wa kiriba. Naomba halmashauri za Longido na Same ziweke mimea hii midogo katika sheria ndogo zao pamoja na mkaa na mbao. Shule za huko zingeweza kuwa na kitalu cha mimea ya kwao wenyewe, na niko tayari kutoa vipandikizi vya kuanzia na kwenda kufundisha bila malipo. Kwa upande wangu, kila kikombe kinachotoka kwangu sasa kina kibao kidogo kinachosema kama ni cha mbegu, cha jani au cha kipandikizi.

Na kamati za harusi nawaomba jambo moja. Mnatuletea oda ya vikombe mia mbili zikiwa zimebaki wiki mbili, na hapo ndipo mtu wa kiroba anapopata soko, kwa sababu hakuna jani linaloweza kuwa mche kwa wiki mbili. Tuambieni miezi minne kabla, mlipe malipo ya awali kama mnavyofanya kwa ukumbi na mpishi, nasi tutawaotesha vyote.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama wa kitalu,
Sakina, Arusha